Ndugu, Komredi au Kamanda? Anzia Meza Kuu

Kijana mmoja anayejiandaa kugombea uongozi wa tawi ameniandikia: "Kaka, tuendelee kuitana ndugu, au hayo tuwaachie wazee wa TANU?" Tangu nishinde uenyekiti wa vijana kwenye kata yetu (tena kwa kura za kutosha, wale waliosema sitoboi wapo na wanasoma hapa) maswali ya namna hii yamekuwa mengi. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hizo hizo za uongozi, kwa hiyo nawajibu wote.

Mimi nasema ndugu libaki. Ila lipande hadi juu.

Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja". Azimio la Arusha mwaka 1967 likaongeza miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtu wa hivyo ukimwita ndugu, linamkaa. Miiko ikalegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, vyama vingi vikarudi mwaka uliofuata, na katika miaka hiyo waheshimiwa wakazagaa kila mahali.

Sasa sikiliza mikutano ya leo. Meza kuu wote ni waheshimiwa, na mshereheshaji anawataja mmoja mmoja mpaka jua linawaka utosini. Akimaliza anageukia umati: "na ninyi ndugu wanachama". Ndugu limekuwa la asiye na cheo, kama "ndugu mteja" na "ndugu abiria".

Hili limenipata. Kwenye mkutano mmoja wa wilaya, chama sikitaji, nilisimama kuuliza mapato ya kadi yanakwenda wapi. Nikaanza, "Ndugu Mwenyekiti..." Mjumbe mmoja wa meza kuu akavuta kipaza sauti: "Ndugu yako yuko kwenu. Hapa kuna Mheshimiwa." Ukumbi mzima ukacheka, na kijana wa itifaki akaja kuninyang'anya kipaza sauti mkononi. Swali la kadi halikujibiwa siku hiyo, na halijajibiwa mpaka leo. Wapo waliocheka siku ile ambao sasa wananipigia simu kunipongeza. Napokea, nasema asante, lakini sijasahau.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu ni huu. Mwite mwenyekiti ndugu, kwa heshima zote, na usitetereke. Wakikukatiza, rudia ndugu, kisha uliza swali lako. Wakikukatiza tena, rudia.

Komredi je? Zanzibar, makomredi wa Umma Party ya Abdulrahman Babu walikuwa na itikadi ya Kimaksi waliyoisoma na kuibishania. Siku hizi mtu anaitwa komredi kwa sababu kavaa skafu na yuko karibu na mgombea. Kama huwezi kusimama dakika mbili ukaeleza ukomredi wako unadai nini, liweke pembeni kwanza. Kamanda la CHADEMA nalielewa zaidi, maana limebeba mabomu ya machozi na mahabusu. Aliyelala rumande kwa ajili ya chama usimpangie aitwe nani. Wasiwasi wangu ni siku ya amani, siku ya kusoma mapato na matumizi. Nani anamkagua kamanda?

Vijana, acheni kupenda ukubwa! Mtu kapewa ujumbe wa nyumba kumi, kesho yake anataka afunguliwe mlango wa bajaji. Hatukuingia kwenye siasa kuja kutukuzana. Kama mnataka uongozi, zoeeni kuitwa ndugu na mtu ambaye hamumpendi, mbele za watu, akiwauliza habari za fedha.

Kwenye kikao changu cha kwanza nilimwambia katibu afute "Mhe." kwenye ratiba yote, kuanzia jina langu. Alinuna, akasema wageni kutoka wilayani watakasirika. Wawili walikasirika kweli. Mmoja aliondoka kabla ya chakula.