Mlima umefifishwa au umetiwa ukungu?

SWALI: Nina studio ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ninafundisha vijana wawili kuhariri kwa Photoshop. Tuna picha ya bibi harusi, nyuma yake mlima Loleza. Tunataka mlima usionekane vizuri, kisha uwe na rangi ya samawati kwa mbali. Mimi husema "fifisha mlima", wao husema "blari". Na ile maski ya leya, yaani kile kinachoficha au kuonyesha sehemu za tabaka moja la picha, niiite kinyago?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye "fifisha" vijana wako wana haki ya kukukatalia. Kufifia ni kupungua nguvu. Kanga iliyofuliwa mno hufifia, lakini maua yake bado utayahesabu. Ukimwambia kijana afifishe leya, ataipunguzia nguvu mpaka kilicho chini yake kionekane, na hatakuwa amekosea. Wewe unataka kingo za mlima zipotee. Aliyepita Tukuyu asubuhi analijua neno lake: ukungu. Tia ukungu. (Ukungu wa kweli hupausha rangi pia, lakini sioni neno lililo karibu zaidi.) Wala usihofu ule wa mkate. Mkate huota ukungu, mlima hutandwa na ukungu, picha hutiwa ukungu. Kitenzi kinamaliza ugomvi.

Samawati nayo itiwe, isipakwe. Ukuta uliopakwa rangi hauonyeshi tena saruji yake. Chai iliyotiwa maziwa bado ni chai.

Kinyago sikishauri. Kinyago kina sura yake ya kuchongwa, nacho huleta uso mwingine. Barakoa ni bora. Asili yake ni Kiarabu, na kabla ya corona kuirudisha midomoni mwetu mwaka 2020, ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani, chenye nafasi ya macho. Mahali pengine panaonekana, pengine hapaonekani, na uso wenyewe haujaguswa. Hivyo ndivyo ifanyavyo barakoa ya leya: nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, kijivu hupitisha kiasi. Kwa hiyo usiseme "futa" pia, maana hakuna kilichofutwa. Ukipaka nyeupe kinarudi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni maelekezo yako darasani. Tuseme mmenakili leya, nakala ya juu mmeitia ukungu na kuiwekea barakoa nyeupe. Sasa bibi harusi naye yumo ukunguni, na ili atoke, nyeusi ipite pale alipo, nakala ifichwe, picha safi ya chini ionekane. Mwalimu mwenye haraka husema, "Mpake bibi harusi rangi nyeusi." Mwanafunzi anashika brashi, anasahau kuchagua barakoa kwanza, na anampaka kweli. Sema: "Paka nyeusi kwenye barakoa, pale alipo bibi harusi." Ile sentensi ya kwanza ikisikiwa na mama wa bibi harusi aliyekuja kuchukua picha, jiandae kurudisha fedha.