Tuanzishe tovuti yetu ya nyaraka?

Maswali ya safari hii yanazunguka jambo moja: watengeneza programu kujitolea kuandika wenyewe maelezo ya lugha za programu.

Tuko sita, jina la tovuti tumeshalilipia. Nyaraka rasmi zinachosha kusoma. Tuendelee?

Hamjaniambia nani kati yenu sita atashika ufagio. Stack Overflow, tovuti ambako watengeneza programu huulizana na kujibizana, walifungua sehemu ya nyaraka za namna hiyo Julai 2016, watumiaji wakiwa nao tayari kwa mamilioni. Agosti 2017 wakaifunga. Mchango ulikuwa na pointi, basi watu wakaukimbilia. Mada nyepesi zikajaa mifano, lakini kupanga, kukagua na kufuta hakukuwa na mbio hizo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mbona MDN, tovuti ya nyaraka za kutengeneza kurasa za wavuti, imedumu?

Kwa sababu ina walezi. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, waliianzisha 2005, na kwa miaka mingi ilikuwa tovuti ya aina ya “wiki”, ambayo yeyote aliweza kuihariri, ila nyuma yake walikuwepo waandishi wa mshahara. Agosti 2020 Mozilla walipunguza wafanyakazi wapatao 250 na waandishi hao wakaguswa. Desemba kurasa zikahamishiwa GitHub, jukwaa la kutunza programu kwa pamoja, ambako badiliko hukaguliwa kwanza ndipo liingie. Januari 2021 ikaundwa Open Web Docs, jumuiya inayochangisha fedha za kuwalipa waandishi. Na fedha peke yake haitoshi: WebPlatform, tovuti nyingine ya nyaraka za wavuti, ilizinduliwa 2012 ikiungwa mkono na W3C (shirika la viwango vya wavuti), Google, Microsoft na vigogo wengine, ikakoma 2015.

Si afadhali ukurasa wa zamani kuliko kukosa kabisa?

Sikubaliani. Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake, kioo kimeandika “Call to undefined function mysql_connect()”, yaani amri hiyo ya kuunganisha hifadhidata haijulikani. Jioni nzima alikuwa akibadilisha nywila ya hifadhidata, akidhani ndiyo mbovu. Kumbe somo alilolifuata linafundisha amri iliyoondolewa tangu toleo la 7 la lugha ya PHP, Desemba 2015. Angekosa ukurasa ule angeuliza mtu.

Ninaweza kuchukua kurasa za MDN nikazitafsiri kwa Kiswahili?

Ndiyo. Leseni yake, CC BY-SA, inaruhusu. Taja chanzo, sema umebadilisha nini, na tafsiri yako uitoe kwa leseni ileile.

Basi Kiswahili tukiache?

La hasha! Ila msianze kwa kuandika upya kila amri ya lugha ya Python, kazi hiyo itawamaliza. Andikeni yale yanayotukwaza sisi. Namba ya simu inayoanza na 0712 ukiihifadhi kama namba ya kuhesabia, sifuri ya mbele inapotea. Ihifadhi kama maandishi. Mteja akisema saa 2 asubuhi, kompyuta inataka 08:00, na fomu inayomruhusu kuandika “2” tu itampangia miadi ya usiku wa manane. Mambo haya ni nadra kuyakuta kwenye mwongozo wa lugha ya programu, na ninyi mnayajua.

Kurasa ishirini zinatosha kuanzia. Juu ya kila moja andikeni toleo lililojaribiwa, tarehe, na nani anayeitunza. Zipakulike zote kwa pamoja, maana bando huisha katikati ya kazi. Mtunzaji akiondoka na mwaka ukapita bila mrithi, uondoeni ukurasa, hata kama ndio unaosomwa kuliko yote.