Mgonjwa wa moyo anarudi wodini tena amefura: manesi wapya wafundishwe nini?

SWALI: Habari ya kazi sista. Mimi ni inchaji wa wodi ya wamama hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Wagonjwa wetu wa moyo kushindwa kufanya kazi tunawapea dawa, wanakojoa, wanapungua, wanaenda nyumbani wakiwa poa, halafu wiki mbili tatu wamerudi, miguu imefura na hawawezi kulala chini. Manesi wangu wengi ni wapya na nimeambiwa niwaandalie mafunzo. Nianzie wapi?

JIBU: Asante inchaji, na pole, najua vile inachosha kumpokea mtu yule yule kila mara. Ningekuwa wewe ningeanza na uzani. Najua kila nesi anajua kupima kilo, lakini muulize yeyote kwa shifti yako uzani mkavu wa mgonjwa wa kitanda cha tatu ni ngapi uone kama atakujibu. Uzani mkavu ni ile kilo mgonjwa anayo akiwa maji ya ziada yameisha, miguu haijafura, analala chini bila shida. Kuna utafiti wa Marekani wa 2002 ambapo manesi 300 walipewa maswali 20 kuhusu kumfundisha mgonjwa wa moyo, wastani wao ulikuwa kama 15, na uzani ulikuwa kati ya sehemu walizoanguka vibaya. Sasa kama nesi mwenyewe hana hiyo namba, mgonjwa ataenda nayo nyumbani vipi?

Na namba ndio kila kitu hapa. Moyo ukipampu kwa unyonge figo zinapata damu kidogo, zinaona ni kama mwili umekauka, zinaanza kushikilia chumvi na maji, na hayo maji yanajikusanya siku kadhaa kabla mtu aone mguu umefura ama pumzi imekata. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mizani inajua mapema kuliko mgonjwa. Siku ya kwenda nyumbani kilo iandikwe kwa kadi kwa kalamu nzito, chini yake iandikwe: ukiongeza zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, piga simu ama uje, usingoje tarehe ya kliniki. Apime asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, na nguo nyepesi zile zile.

Utaniambia wengi hawana mizani nyumbani. Ni kweli, na hapo nesi asikwame. Kuna mizani kwa kemisti ya mtaa, kuna wale wa barabarani wanaopima kwa pesa kidogo, achague moja na aende hapo hapo kila mara, saa ile ile, bila viatu, hata mara mbili kwa wiki inasaidia. Akishindwa kabisa afundishwe kuangalia vitu vyake mwenyewe: kiatu kinabana, leso haifungiki kama jana, jana alilala na mto mmoja leo anataka mitatu, anashtuka usiku akitafuta hewa, kikohozi kinamsumbua akilala tu.

Halafu dawa ya maji, yaani furosemide. Hii sehemu manesi wanaipita haraka na ni hapa wagonjwa wetu wanapotea. Utafiti mkubwa wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliotoka 2012, ulionyesha wastani wa miaka ya mgonjwa wa moyo kufeli ni 52 na chanzo kikubwa ni presha. Maana yake wengi wa hawa ni watu wa kazi, ana kibanda, ana safari ya Gikomba alfajiri, na hawezi kumeza dawa ya kumkojoza akiwa anaingia matatu na kuna jam ya saa mbili Jogoo Road. Anaacha leo, anaacha kesho, na akiulizwa anasema nakunywa zote kwa sababu anaogopa kugombezwa. Nesi asimuulize "unakunywa dawa?", amuulize "siku ukitoka unafanyaje na hii ya maji?" Halafu amwambie siku ya safari si lazima aruke, anaweza kuinywa akishafika, bora isipite sana saa kumi jioni asije akakesha chooni. Kwa Waislamu hayo mazungumzo na daktari yafanyike kabla Ramadhani ianze.

Dawa za maumivu pia wasisahau. Mtu anaumwa na goti, anaingia kemisti anauziwa diclofenac ama Brufen, na hizo zinafanya figo zishikilie chumvi, dawa ya maji inashindwa kufanya kazi. Hata Eno ya kiungulia ina sodiamu nyingi. Chumvi wengi wanajua ipunguzwe, isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, lakini hawahesabu ile ya mchuzi mix, soseji, krisps na smokie. Ile chumvi mbadala ya potasiamu usiwaambie wanunue, mtu akiwa kwa dawa za moyo kama enalapril ama spironolactone potasiamu inaweza kupanda mpaka iguse mapigo ya moyo.

Kuna mambo mawili ya wodini. Nesi akiona presha iko chini, kama 95 kwa 60, asikimbilie kusimamisha dawa za moyo, amuulize kwanza mgonjwa kama ana kizunguzungu ama anataka kuanguka akisimama, na kama hana dalili aongee na daktari kabla ya kuruka dozi, hizo dawa ndizo zinampa miaka. La pili, wewe uko wodi ya wamama kwa hivyo nalisisitiza: moyo unaweza kufeli mwezi wa mwisho wa mimba ama miezi ya kwanza baada ya kujifungua, na mama akisema amechoka, anakosa hewa na miguu imefura anaambiwa ni kawaida ya mimba. Akikosa hewa akilala, hiyo si kawaida, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Na kila mama aliye kwa enalapril ama losartan aongeleshwe kuhusu uzazi wa mpango maana hizo dawa zinadhuru mtoto tumboni.

Kuhusu mafunzo yenyewe, mimi siamini sana kuwakalisha manesi saa nzima na slaidi. Chukua dakika kumi wakati wa kupeana ripoti, mada moja, kando ya kitanda, na mgonjwa akikubali awepo. Wafundishe waache kuuliza "umeelewa?" kwa sababu kila mtu atasema ndio sista. Waseme, "shosho, ukifika nyumbani utamwambia binti yako upimwe vipi?" na akikosea wanarudia kwa njia ingine, bila kumfokea. Waanze mara tu pumzi imetulia, wasingoje siku ya kuondoka, siku hiyo mtu anawaza bili na gari ya kumpeleka. Na anayepika nyumbani aitwe saa ya kuona wagonjwa. Utafiti wa 2005 wa wagonjwa 223, pia wa Marekani, ulionyesha saa moja tu na nesi kabla ya kuruhusiwa ilipunguza idadi ya waliorudi hospitali ama kufa kwa miezi sita iliyofuata.

Mwisho, pigania hiyo tarehe ya kwanza ya kliniki iwe ndani ya wiki moja, ikishindikana mbili. Utafiti wa STRONG-HF wa 2022 uliwaona wagonjwa wiki ya 1, 2, 3 na 6 huku dawa zikipandishwa haraka, na waliokufa ama kurudi hospitali kwa ajili ya moyo kwa miezi sita walikuwa kama 15 kwa mia, wakati wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa 23. Kama kliniki yenu imejaa, nesi mmoja apige simu siku ya tatu aulize kilo ni ngapi na analalia mito mingapi. Na namba iliyo kwa kadi iwe ya wodi, isiwe ya nesi binafsi, ili akiwa off simu bado ishikwe.