Maswali na Majibu: "Hiyo Tatuu Yako Ina Maana Gani?"

Tangu niwaseme wanaosoma meseji za wenzao kwenye daladala, maswali yenu yamehama kutoka kwenye simu za watu yakaja kwenye ngozi zao. Nimechagua machache. Wale mnaoendelea kuniuliza kama tatuu hutoka kwa dawa ya meno, haitoki, na mtajichubua bure.

Kila asubuhi napanda mwendokasi Kimara na dada mmoja mwenye maandishi nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele. Nimuulizeje yana maana gani bila kuonekana namtongoza?

Kaka, kama umeshajua yalipo kwa usahihi huo, ulishasogea mno. Mwendokasi wa asubuhi mtu hana pa kukimbilia: kushoto bega la mtu, kulia begi la mtu, nyuma uko wewe. Kumuuliza mtu habari za mwili wake hapo ni kumbana. Subirini mzoeane kwa salamu, mlalamikie foleni ya tiketi pamoja, mcheke. Hapo unaweza kusema kwamba aliyemchora ana mkono mzuri, kisha unyamaze. Akitaka kueleza ataeleza. Akisema "asante" na kurudisha hedifoni masikioni, umeshajibiwa.

Ila hilo la "ina maana gani" liache kabisa. Nimelisikia likiulizwa mara nyingi, na mara chache sana muulizaji alikuwa anatafuta maana. Alikuwa anatafuta pa kuanzia mahubiri.

Na kuigusa kidogo, kuona kama ina vinundu?

Hapana.

Hivi tatuu ni dhambi au si dhambi? Kuna kaka kanisani kwetu anayo mkononi. Nilimuuliza baada ya ibada kama ameokoka kweli, akakasirika.

La dhambi mpelekee mchungaji wako. Waislamu nao wana masheikh wao, na hadithi inayomlaani mchoraji na mchorwaji wanaijua. Hakuna anayenihitaji mimi hapo. Mimi najibu kuhusu huko kukasirika.

Bila shaka umeshika Walawi 19:28, ule mstari unaokataza kuchora alama mwilini. Basi panda mstari mmoja juu, usome wa 27 kuhusu kunyoa pembe za ndevu, kisha nenda ukawasimamishe wanaume wote wa kwaya. Ukikutana na mama wa Eritrea au wa Tigray mwenye msalaba uliochanjwa kwenye paji la uso, au Mkopti wa Misri mwenye msalaba kwenye kiwiko cha kiganja, naye utamuuliza kama ameokoka? Wale wamechorwa kwa sababu ya imani yao. Huyo kaka huenda alichora kabla ya kuokoka, huenda baada; vyovyote vile, umemwambia mbele ya watu kwamba ushuhuda wake huuamini. Mtafute, muombe radhi, na usitumie nafasi hiyo kumuuliza tena.

Jirani yetu hapa Ukunda ni bibi wa Kimakonde mwenye nembo usoni. Wageni wangu kutoka Nairobi wanataka kwenda kupiga naye picha. Nimwambieje?

Yeye usimwambie kitu. Waambie wageni wako Diani kuna bahari, wakapige nayo picha.

Wakishikilia, basi waende kama watu waendavyo kwa mzee. Wabishe hodi, waseme shikamoo, wakae wakikaribishwa, simu zibaki mfukoni. Wasianze na uso wake. Nembo zile hazikuchorwa saluni kwa fasheni. Wenzake walichanjwa wakiwa wadogo, kwa kisu, mistari na pembe zikakatwa kwenye ngozi na kupakwa mkaa uliosagwa ili zibaki na weusi wake. Ilikuwa fahari na ilikuwa utambulisho. Waliobaki nazo leo ni wazee, na wengi wameishi kusikia watoto wa watu wakiwacheka njiani.

Hapo Kwale, kaunti yenu ya Ukunda, kuna la zaidi. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana hapo, lakini vitambulisho wakanyimwa. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 ndipo Kenya ikawatambua kuwa kabila la 43. Inawezekana kabisa bibi huyo ameulizwa "wewe ni wa wapi" na askari, chifu na karani karibu umri wake wote. Swali hilo likija sasa na kamera mbele, msishangae akifunga mlango.

Halafu tuangalieni tulivyo. Mwenye nembo tunamwita mshamba, mwenye waridi begani tunamwita mhuni, na bibi harusi aliyechorwa piko, yale maua meusi ya urembo, mpaka mapajani tunamwambia mashaallah.

Mume wa dada yetu ana jina "Zuwena" begani, na dada yetu si Zuwena. Nani amuulize?

Bega hilo dada yenu analiona kila usiku. Ninyi limewakosesha usingizi kwa lipi?

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Toronto. Bibi mmoja ninayemwogesha ana namba kwenye mkono wa kushoto. Natamani kumuuliza ni za nini.

Usimuulize, dada. Kama zimechanjwa kwa wino kwenye kigasha cha kushoto na bibi ni wa umri wa walioishi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kuna uwezekano mkubwa kwamba alipitia Auschwitz, kambi ya Wanazi iliyokuwa Poland. Ndiyo kambi pekee iliyowachanja wafungwa namba namna hiyo, na namba ikachukua nafasi ya jina. Wapo walionusurika ambao wamezungumza shuleni kwa miaka mingi, na wapo ambao hata watoto wao hawakuwasimulia. Hujui wako ni yupi.

Kwa kuwa unamwogesha, kuna jambo la maana kuliko swali lako. Kule watu walipelekwa kuuawa kwa gesi wakidanganywa kwamba wanakwenda kuoga. Akikataa bomba la mvua, usimlazimishe. Tumia beseni na kitambaa, na mweleze kila unachofanya kabla hujakifanya. Akianza mwenyewe kusimulia, kaa umsikilize. Usimwite mwenzako wa zamu aje kuangalia mkono.

Mpangaji mwenzangu ana chale kifuani na mgongoni, nimeziona akitoka bafuni. Nahofia ushirikina. Nimuulize?

Unahofia, au unatafuta habari ya kupeleka bombani? Chale nyingi ni za utotoni. Mtoto kabanwa na kifua, bibi kambeba kwa mganga, wembe ukapita, dawa ikasuguliwa. Siku ile yeye hakuulizwa, na leo hana maelezo ya kukupa wewe uliyekuwa unachungulia. Ukitaka cha kuhofia, hofia wembe. Ule unaopita kwa watu wengi hupeleka virusi vya ukimwi na homa ya ini, na sindano ya tatuu ni hivyo hivyo. Mchoraji asiyefungua sindano mpya mbele ya macho yako, mwachie kiti chake uondoke.

Nimechorwa piko Unguja kwa harusi ya mdogo wangu. Kila nikienda Darajani wanawake wananisimamisha kuuliza nani kanichora na kwa bei gani. Huu si utovu wa adabu?

Si utovu. Piko la harusi huchorwa ili lionekane, na ukimtaja mchoraji unampatia riziki.

Ila mjihadhari. Hina ya kweli hutoa rangi ya machungwa, ikaiva kuwa kahawia. Ile nyeusi tii inayoshika mara moja ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD. Kwenye ngozi inaweza kukutoa malengelenge na kukuachia kovu la ua lile lile, na baada ya hapo mwili ukakataa rangi ya nywele maisha yako yote. Watoto wasipakwe kabisa, wa watalii ufukweni wakiwemo.

Nina tarehe mbili mkononi, ya kuzaliwa mwanangu na ya kufariki. Kila duka naulizwa. Nikisema ukweli naulizwa alikufa na nini, nikinyamaza naitwa mwenye kiburi.

Pole sana, mama. Sema "ni zangu tu," kisha uliza bei ya unga. Huna deni la maelezo kwa muuza duka, na akikuona una kiburi, atakuuzia hivyo hivyo. Watakaokushauri uvae mikono mirefu, usiwasikilize; vaa siku unayotaka wewe.

Na wewe muuzaji, ukishaambiwa ni za marehemu, sema pole mara moja. Usiulize ugonjwa. Usianze kusimulia msiba wa shangazi yako.

Nafanya usaili wa makarani. Naruhusiwa kumuuliza mwombaji habari za tatuu yake?

Kama kanuni ya kazi inazikataza, iandike kwenye tangazo. Jeshi la Polisi Tanzania hutaja wazi katika matangazo yake ya ajira kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, na mwenye nazo anajua kabla ya kupoteza nauli. Nyinyi hamkuandika kitu, halafu mnamuuliza binti wa watu alichora akiwa na nani. Muulize kuhusu Excel.