Paka mgeni anafoka, anaparura, anang'ata: majibu kwa wasomaji wanne

SWALI: Habari zenu wahariri. Siku nne zilizopita tulimpokea paka jike wa miaka mitatu hivi kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Tangu tufungue kikapu amejibana nyuma ya kabati la sebuleni. Ukimkaribia anafoka, na jana alimparura binti yangu wa miaka saba aliyepeleka mkono kumtoa. Mchana hagusi chakula, ila asubuhi tunakuta sahani imepungua. Mume wangu anasema paka huyu ni mkali, arudishwe alikotoka. Kweli hakuna la kufanya? – Mama wa Wawili

JIBU: Mama, pole sana, na binti mfikishie pole zake. Lipo la kufanya, tena jingi, na tunakuomba shauri la kumrudisha liwekwe kando kwanza. Kwa unavyoeleza, huyo si paka mkali, ni paka aliyeogopa. Paka mshari hutoka alipo akakufuata. Wako anapigana pale tu anapozibiwa njia: mgongoni ukuta, ubavuni kabati, usoni mkono wa mtoto. Pa kukimbilia hana, amebaki na makucha. Na kule kula usiku mkiwa mmelala ni dalili nzuri, maana anajua mlo ulipo na anathubutu kuufuata kukiwa kimya.

Sebule ndiyo iliyoharibu mambo. Paka huijua nyumba kwa pua kabla ya macho. Hujipangusa mashavu kwenye miguu ya meza na pembe za kuta mpaka pote panuke yeye, na hapo ndipo hutulia. Kwenu hakuna hata kona moja yenye harufu yake, na humo sebuleni watu wanapita kutwa. Mpeni chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa, hata ikiwa ni stoo yenye dirisha. Kabla hajaingia, zibeni uvungu wa kitanda na nyuma ya makabati kwa maboksi au mbao, maana akijichimbia huko mtarudi palepale.

Asihamishwe kwa mkono. Usiku, watoto wakishalala, zimeni televisheni, punguzeni taa, fungeni milango yote isipokuwa wa chumba chake, wekeni humo chakula chenye harufu kali, kisha ondokeni. Kukicha, akiwa ndani, fungeni mlango taratibu. Asipokwenda usiku wa kwanza, rudieni wa pili.

Chumbani kuwe na boksi la karatasi ngumu lenye matundu mawili, kila moja upana wa sentimita 15 hadi 18, pande mbili tofauti. Boksi la tundu moja ni mtego: mtu akisimama mbele yake, paka hana pengine pa kutokea. Ndani tandikeni kitambaa alichokuja nacho, na msikifue kwa wiki mbili za mwanzo hata kikijaa manyoya, kwa kuwa ndicho kitu pekee chenye harufu anayoijua. Ikiwezekana apate na mahali pa kupanda, usawa wa kifua cha mtu mzima. Beseni la choo liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, kutoka puani hadi kwenye shina la mkia, lijazwe mchanga laini usio na manukato, kina cha sentimita 5 hadi 7. Likae kona iliyo mbali na chakula, na uchafu uchotwe kila siku.

Kwa wiki ya kwanza apewe chakula kilekile alichozoea. Mkitaka kubadili, anzeni na robo ya kipya kwa robo tatu za cha zamani, mkiongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, la sivyo tumbo litamharibika.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, nayo ni kukaa chini bila kufanya kitu. Ingia mara tatu au nne kwa siku, dakika 10 hadi 15 kila mara. Kaa sakafuni umbali wa mita mbili, ubavu umwelekee yeye, macho yako kwenye kitabu. Soma kwa sauti ya chini apate kuizoea. Akikutazama, fumba macho nusu, yashikilie hivyo kwa sekunde mbili, yafumbue polepole, kisha tazama pembeni. Kwa paka, jicho kavu lililokodolewa ni la adui, na jicho zito la usingizi ni la mwenzake. Siku atakapokurudishia, mmeanza kuongea.

Kila ukiingia, ingia na chakula. Weka sahani pale anapoweza kula masikio yakiwa yameelekea mbele, hata kama ni mlangoni pa boksi lake. Kesho isogeze upande wako sentimita 20 au 30. Akiacha kula na kukukazia macho, umekimbilia mbali. Irudishe ilipokuwa jana na ukae hapo siku mbili zaidi. Wengi huharibu hapa: paka akila karibu yao mara moja, mkono unatoka kumpapasa, na kazi ya wiki nzima inamwagika.

Jifunzeni kumsoma kabla hajafoka. Kwanza masikio hugeuka pembeni, yakalala kama mabawa. Mboni, iliyokuwa ufa mwembamba, hutanuka mpaka jicho likawa jeusi hata kwenye mwanga. Ncha ya mkia huanza kupiga sakafu, na ngozi ya mgongoni hutetemeka kama imetuliwa na nzi. Ukiona mawili kati ya hayo, simama ulipo, kisha rudi nyuma bila kumpa kisogo cha ghafla. Na akifoka, msimkaripie, msimpige, msimnyunyizie maji. Kufoka ni onyo, na onyo ni hisani. Paka aliyeadhibiwa kwa kufoka hujifunza kuacha onyo akaenda moja kwa moja kwenye kung'ata, na huyo ndiye wa kuogopwa kweli.

Kumgusa kutangoja siku atakayokuja mwenyewe. Nyoosha kidole kimoja, usawa wa pua yake, sentimita kumi mbele yake, kisha usikisogeze. Akikipangusa kwa shavu, mkune shavuni mara mbili, uondoe mkono. Akigeuza uso, amekataa, na jibu lake liheshimiwe.

Binti asiingie peke yake kwa sasa, ila apewe kazi: kukaa mlangoni na mtu mzima, kusoma hadithi, kurusha punje za chakula karibu na boksi. Watoto waliopewa kazi hiyo husubiri vizuri kuliko watu wazima.

Mume wako mwambie hivi: kwa kawaida paka huhitaji kama siku 3 apunguze mshtuko, wiki 3 azoee ratiba, na miezi 3 ajione yuko kwao. Wapo wanaowahi, na wapo wanaohitaji mwaka. Ule usemi wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa paka haufanyi kazi.

Mambo mawili hayangoji. La kwanza ni kula: akipitisha saa 24 bila kula chochote, piga simu kwa daktari wa wanyama, kwani paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, huweza kujaza mafuta kwenye ini na kufa. La pili ni maumivu. Jino bovu, sikio lenye usaha, jipu lililojificha chini ya manyoya au viungo vinavyouma humfanya paka mpole afoke. Kila paka mzima mwenye ukali apimwe, na mzee apimwe na tezi ya shingoni pia. Lakini asipewe dawa za maumivu za binadamu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua.


SWALI: Dume wangu nina mwezi naye. Anakuja mwenyewe mapajani, anajilaza, nampapasa, ananguruma kwa raha. Dakika mbili baadaye anageuka na kunidaka mkono kwa meno. Nimemkosea nini? – Kijana wa Ghorofani

JIBU: Kaka, hukumkosea, umepitiliza. Paka wengi hupenda kuguswa kwa muda mfupi. Baada ya hapo raha hugeuka karaha, ingawa mngurumo huendelea, na ndiyo maana unakudanganya. Usisikilize koo, tazama mkia na masharubu. Mkia ukianza kupiga na masharubu yakisogea mbele, muda umekwisha.

Mpapase kwa sekunde tatu, acha, mkono uondoke kabisa. Akikusukuma kwa kichwa, ongeza tatu nyingine. Baki mashavuni, chini ya kidevu na mbele ya masikio. Tumbo na shina la mkia viache, hata akijilaza chali mbele yako. Kujilaza hivyo ni kuonyesha kwamba anakuamini, si kuomba akunwe tumbo.

Akishakudaka, usivute mkono. Kinachokimbia ni windo, naye atakaza, na meno yatachana nyama. Ulegeze, usukume kidogo kuelekea kwake, atauachia. Kisha inuka polepole uondoke bila neno.

Kama bado hajahasiwa, ahasiwe. Homoni huchukua wiki kadhaa kupungua mwilini, basi usitarajie mabadiliko kesho yake. Na umchezeshe kwa fimbo yenye kamba na manyoya mwishoni, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kila mchezo ukiishia kwa kulikamata windo na kupewa mlo. Mkono wako usiwe kamwe kitu cha kuchezea. Paka aliyezoeshwa kuwinda vidole tangu udogoni haelewi kwa nini leo vimekuwa haramu.


SWALI: Tuna paka wa miaka sita. Juzi tulileta wa pili, tukawakutanisha sebuleni wazoeane. Walipigana mpaka manyoya yakaruka, na sasa wa zamani anamvamia mgeni popote. Itakuwaje? – Bibi Mpenda Paka

JIBU: Bibi, shikamoo. Anzeni upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Mgeni afungwe chumbani kwake kama tulivyoeleza kwenye barua ya kwanza, na wasionane walau wiki nzima. Kila mmoja awe na choo chake, na cha ziada kimoja: paka wawili, mabeseni matatu, yasipangwe mstari mmoja, maana mbabe atayalinda yote akiwa mahali pamoja.

Waanze kujuana kwa harufu. Chukua soksi safi, msugue mgeni mashavuni, uiweke karibu na sahani ya mwenyeji, isiwe chini ya pua yake. Akiinusa na kuendelea kula, vizuri. Akiifokea, isogeze mbali. Baada ya siku chache wabadilishane vyumba kwa nusu saa bila kuonana. Kisha wale kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikianza mita mbili kutoka mlangoni na kusogea kila siku.

Wakishakula kwa utulivu mlango ukiwa katikati, wekeni wavu au pazia lililoinuliwa vidole viwili, waonane wakiwa wanakula tu. Mwisho kabisa wakae chumba kimoja, dakika tano, wote wakichezeshwa, kisha watenganishwe mambo yakiwa bado mazuri. Safari nzima huweza kula miezi miwili. Kipimo si kupendana. Wawili wanaopishana kwenye korido bila kutazamana kwa ukali wameshaelewana vya kutosha.

Wakipigana tena, mkono usiingie kati. Pitisha ubao, mto mkubwa au blanketi zito. Aliyepandwa na hasira aachwe peke yake kwenye chumba chenye giza, saa kadhaa, hata mpaka kesho, kwa sababu paka aliyechochewa humrukia yeyote aliye karibu, hata yule asiyehusika. Angalieni pia dirishani. Paka wa nje anayepita huweza kumpandisha mwenyeji hasira, naye akaimalizia kwa mgeni. Kioo cha chini kifunikwe kwa karatasi kama ni hivyo.


SWALI: Paka niliyemwokota ameniuma kidole jana jioni. Kitundu kidogo, damu haikutoka sana na kimeshajifunga, ila leo kinavuta na kuuma. Niendelee kupaka dawa nyumbani? – Msomaji

JIBU: Hapana, nenda hospitali leo hii. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Hupanda bakteria ndani kabisa, karibu na kano na viungo vya kidole, na ngozi huwafungia humo. Kuvimba na kuvuta ndani ya saa 24 ndiyo dalili yenyewe, na maambukizi ya mkono yakiachwa yanaweza kuharibu kidole.

Hata sasa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usiweke majivu wala mafuta, na usikibane kwa plasta isiyopitisha hewa. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na kwa paka wa kuokota usiyejua chanjo zake, daktari ndiye wa kuamua kuhusu sindano, mapema. Usingoje dalili, kwani zikishatokea tiba haipo tena. Paka asiuawe wala asitupwe: afungiwe aangaliwe kwa siku 10, na mabadiliko yoyote ya tabia, kutokwa mate au kupooza, yaripotiwe. Ukifika hospitali, sema pia ni lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho, kama unakumbuka.