Msimamizi anayekusumbua: tunza ushahidi kwanza

Dada, umeeleza kwamba msimamizi wako hukutumia ujumbe wa kimapenzi usiku na huzungumzia umbo lako kikaoni huku wenzako wakicheka, nawe unanyamaza kwa kuhofia kwamba mkataba wako wa muda hautaongezwa. Huo ni unyanyasaji wa kijinsia hata kama hajakugusa (na baadhi ya hao wanaocheka huenda wanacheka kwa woga).

Usifute ujumbe wowote. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa, uzitunze nje ya simu na kompyuta ya ofisi, na uandike kila tukio siku ileile, ukitaja maneno yenyewe na waliokuwapo. Ukiona ni salama, mjibu mara moja tu: “Naomba tuwasiliane kuhusu kazi pekee.”

Lalamiko lipeleke kwa maandishi kwa ofisi ya rasilimali watu au chama cha wafanyakazi, ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unawalinda wafanyakazi dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini bila kujali aina ya ajira, ila nguvu yake inategemea kama nchi yako imeuridhia. Kwa hiyo muone mwanasheria mapema, kwani muda wa kufungua shauri unaweza kuwa mfupi. Akikushika au kukutishia, nenda polisi bila kusubiri uamuzi wa ofisi.