Nyumbani napiga 290, mashindanoni 231: tatizo ni upinde au ni mimi?

SWALI: Mwadila kocha. Mi ni fundi mitumbwi hapa Mwanza, nafanyia mazoezi Ilemela kwenye kiwanja kimoja karibu na ziwa, jioni nikitoka kazini, saa 10 na nusu hivi. Nikiangalia shabaha ziwa linakuwa kushoto kwangu. Natumia upinde wa Olimpiki wenye limu (yale mapanga mawili ya upinde yanayojikunja ukivuta) za paundi 28, yaani nguvu ya kuuvuta, mishale ya kaboni, mita 30, karatasi ya shabaha ya sentimita 80. Nimejifunza mwenyewe kwa kuangalia video. Mishale 36 nyumbani napata 285 mpaka 290. Juzi kati nilivuka Sirari kwenda kushindana na klabu moja Kenya, umbali ule ule, karatasi ile ile, tukaanza saa 2 asubuhi hali ya hewa shwari kabisa, nikaambulia 231. Mishale ilikuwa inaenda kushoto, alafu kadri muda unavyoenda ikaanza kushuka na kutawanyika. Walitupa dakika 2 kwa mishale 3. Navuta kwa mkono wa kulia. Jamaa mmoja pale akaniambia mishale yangu ni migumu, ninunue limu za paundi 38. Hela inatosha kitu kimoja, limu au kocha. Nifanyeje?

JIBU: Mwadila sana mdogo wangu. Asante kwa kuandika mpaka saa na upande lilipo ziwa, wengi wananiandikia "kocha mishale haikai" basi wameishia hapo. Jibu fupi ni kwamba limu usinunue. Hela mpe kocha, na nauli ya mashindano mengine anza kuitafuta sa hivi. Sasa nikueleze sababu, na nivumilie maana ntaandika kirefu.

Tuanze na hiyo kushoto. Wewe ni mtu wa ziwani unaujua upepo wetu kuliko mimi, mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda juu na upepo wa ziwani unaingia kuchukua nafasi yake, usiku kunageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, wenye mitumbwi ya tanga wanautumia huo huo kutoka na kurudi. Sasa wewe mazoezi yako yote ni jioni, ziwa liko kushoto, maana yake kila siku upepo unakupiga kutoka kushoto na kusukuma mishale kulia. Ulipoona inaenda kulia ukafanya kama video zinavyosema, ukaisogeza saiti, kile kifaa cha kulengea kwenye upinde, kuifuata mishale, nayo ikarudi katikati ukaridhika. Ni kama mzani wa pale Mwaloni uliowekewa jiwe upande mmoja, ukiuzoea unaona uko sawa. Ukaenda Kenya asubuhi hakuna upepo, saiti bado iko kulia, mishale ikaenda kushoto. Na upinde wa paundi 28 mshale wake hauna kasi kubwa, unakaa hewani muda mrefu kidogo, kwaiyo upepo unapata nafasi ya kuusukuma, na kama una manyoya ya plastiki makubwa ndo kabisa.

Hili usilikubali kwa sababu nimesema mimi, lipime. Jumamosi nenda kiwanjani mapema kukiwa kumetulia, piga mikupuo mitatu ya mishale 6 bila kugusa saiti, kila mkupuo chora kwenye daftari mishale ilikokaa. Jioni ya siku hiyo hiyo rudi, saiti pale pale, piga tena. Kama asubuhi rundo limehamia kushoto na jioni limerudi katikati, tatizo ni upepo na tiba yake ni bure. Saiti ipange asubuhi kukiwa kimya, iwekee alama kwa peni, hiyo ndo saiti yako ya kweli. Jioni usiisogeze kila saa, jifunze kulenga pembeni kidogo ya katikati kulingana na nguvu ya upepo. Juu ya shabaha funga kitambaa chepesi, mashindano ya nje huwa yanaweka kibendera juu ya kila shabaha kwa kazi hiyo, jizoeze kukiangalia kabla hujainua upinde, ukishavuta tayari macho yabaki kwenye kulenga.

Huyo jamaa wa mishale migumu hakusema uongo, kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale mgumu, yaani usiopinda vya kutosha kwa nguvu ya upinde wake, kweli huelekea kushoto, ila alikuona siku moja tu, hajui kwamba mishale hiyo hiyo na upinde huo huo nyumbani inakaa katikati. Ugumu wa mshale unapimwa, haukisiwi. Chukua mishale miwili itoe manyoya yote, simama mita 18 siku ambayo hakuna upepo, piga mitatu yenye manyoya na hiyo miwili isiyo na manyoya. Isiyo na manyoya ikikaa kushoto kabisa mwa mingine, mishale ni migumu kwa upinde wako, ikikaa kulia ni laini, ikikaa karibu na wenzake achana na hiyo mada. Rudia kwanza mara kadhaa, maana ukiachia vibaya jibu nalo linakuja baya.

Sasa kushuka na kutawanyika, hapa ndo pamenigusa zaidi kwa sababu ndo kilichokula pointi zako nyingi. Mshale unaoshuka chini mara nyingi unatokana na mgongo kulegea kabla ya kuachia. Mkono wa kulia unasogea mbele kidogo sana, hata nusu sentimita, we mwenyewe huhisi, upinde unapoteza nguvu na mshale unaenda chini. Na mgongo unalegea kwa sababu umeshikilia muda mrefu mno. Nyumbani hakuna anayekuhesabia, unavuta, mkono unatulia chini ya kidevu, unaachia. Mashindanoni umesikia honi, pembeni yako kuna mtu kashapiga wa pili, we bado unataka duara la saiti litulie kabisa ndani ya njano ya katikati ya shabaha, halitulii, unaendelea kushikilia, sekunde 8, 9, misuli inatetemeka, mwisho vidole vinajiachia vyenyewe. Mshale wa 1 mpaka wa 12 unavumilia, kuanzia hapo mwili umechoka.

Muda mzuri wa kushikilia baada ya mkono kufika kidevuni ni kama sekunde 2 mpaka 4, ukifika 6 shusha upinde uanze upya. Kushusha kunaruhusiwa kabisa na mabingwa wanashusha. Ndani ya dakika 2 kwa mishale 3 una nafasi ya kutosha kushusha mara moja na bado ukamaliza bila papara, ila ni lazima uwe umefanyia mazoezi, huwezi kuja kulijaribu kwa mara ya kwanza siku ya mashindano.

Na hapa ndo namtaka kocha. Weka simu ikurekodi, bado utaangalia mshale ulikoenda alafu ndo utafute sababu. Kocha haangalii shabaha. Anasimama nyuma yako kwenye mstari wa kiwiko, anaangalia kiwiko cha kulia kama bado kinaendelea kurudi nyuma wakati vidole vinaachia au kimesimama. Alafu anahamia mbele, upande wa kifua chako, kwa usalama akiwa hajavuka mstari wa kupigia, anaangalia bega la mkono wa upinde kama limepanda kuelekea sikioni. Mtu anayevuta mwenyewe nyumbani bega lake karibu kila mara limepanda, na yeye anahisi liko chini. Kuna kijana nilimshika bega nikalishusha kwa kiganja tu akiwa amevuta, akashangaa "hivi ndo inavyotakiwa?", na mshale uliofuata ukatoka na sauti tofauti, tulivu. Hicho kitu video haiwezi kukufanyia.

Kocha mzuri atakupa jambo moja kwa kipindi, akikupa matano siku moja tafuta mwingine. Na usishangae akikuondoa mita 30 akakuweka mita 4 mbele ya mabua ya mpunga yaliyofungwa na kubanwa vizuri, bila karatasi yoyote, upige macho ukiwa umefumba. Mabua yapo tele Magu na Misungwi baada ya mavuno. Pale unafundisha mgongo peke yake, bila macho kuingilia kati. (Kuhusu Mwanza yetu na mawe yake: popote unapoweka shabaha nyuma pawe tuta la udongo, usipige kuelekea jabali hata siku moja, mshale ukigonga jiwe unarudi au unapasuka vipande, kaboni iliyopasuka ikiingia mkononi ni hospitali. Na mjulishe mtendaji wa mtaa. Usukumani watu wakiona mtu na upinde wanawaza sungusungu, bora wajue mapema unafanya nini.)

Kama kocha wa kulenga shabaha hapo karibu hayupo, wa mbali anatosha kwa kuanzia, muende kwa video za simu, mkutane ana kwa ana mara chache. Jirani zetu Kenya wamefika mbali, Shehzana Anwar alishiriki Olimpiki ya Rio 2016 na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi, kwaiyo ukivuka Sirari usiwe unashindana tu na kuondoka, omba ubaki siku inayofuata ufanye mazoezi na wale wenyeji.

Kuhusu mashindano, nahisi umerudi umeumia na unawaza usiende tena mpaka uwe vizuri. Usifanye hivyo tafadhali. Hiyo 231 imekuonyesha vitu viwili ambavyo mazoezi ya jioni yasingekuonyesha hata mwaka mzima. Fainali ya wanaume Olimpiki ya Paris 2024, Kim Woojin wa Korea Kusini na Brady Ellison wa Marekani, walilingana mpaka wakapewa mshale mmoja mmoja wa kuamua, wote wakapiga 10, Kim akashinda kwa sababu wake ulikuwa karibu na katikati kwa tofauti ya milimita 4.9. Ule mshale Wakorea wanaufanyia mazoezi kabisa, wanaipeleka timu kulenga ndani ya uwanja wa besiboli wenye mashabiki wanaopiga kelele, na kwenye kituo chao wanajenga mfano wa uwanja wa Olimpiki ili siku ikifika mwili uwe umeshapazoea.

Wewe huna uwanja wa besiboli ila watu unao. Mara moja kwa wiki piga mishale 36 ya kuhesabu, weka simu ipige honi, mbili za kuingia mstarini, moja ya kuanza, tatu za kwenda kuchukua mishale, dakika 2 kwa mishale 3, waite vijana wa bodaboda wasimame nyuma yako wapige stori kwa sauti. Mkupuo wa kwanza nao uhesabu, usijipe ya kupasha mpaka ujisikie vizuri, andika kila mshale kuanzia mkubwa kwenda mdogo kama kwenye fomu ya mashindano, uliogusa mstari chukua pointi ya juu, na usiuguse kabla hujauandika. Ukipata mwenzio chezeni kwa seti, mishale 3 kila mtu kwa kupokezana, sekunde 20 kwa mshale, anayeshinda seti pointi 2, mkilingana moja moja, wa kwanza kufika 6 kashinda. Hizo sekunde 20 zitakutibu kushikilia kuliko maneno yangu yote haya. Siku nyingine za wiki usihesabu pointi kabisa, ni mabua na mgongo.

Kwenye daftari usiandike jumla peke yake. Andika mikupuo miwili ya kwanza na miwili ya mwisho. Kwa sasa nina hakika ya mwisho iko chini sana, tofauti ikianza kupungua utakuwa umepiga hatua hata kama jumla bado ni 260.

Nimalizie na paundi 38. Ile namba iliyoandikwa kwenye limu inapimwa kwa mvuto wa inchi 28, kila inchi ukizidi inaongezeka kama paundi 2. Kama we mrefu na unavuta inchi 30, hizo 28 zako mkononi tayari ni kama 32, na hizo 38 zingekuwa 42, na mtu anayelegea mgongo kwa 32 unampa 42 ya nini? Bega litaondoka. Ukipanda panda kwa paundi 2 mpaka 4, na sio kabla hujaweza kuvuta upinde wako wa sasa ukashikilia sekunde 30, ukapumzika 30, ukarudia hivyo mara kadhaa bila bega kupanda. Mita 70 za Olimpiki zitakudai paundi nyingi zaidi siku moja, lakini kwa mita 30 hizo ulizonazo zinafika vizuri tu.

Nitumie video mbili, moja ya nyuma ikionyesha kiwiko, moja ya mbele ikionyesha bega, mishale 6 kila moja bila kukata, pamoja na picha ya daftari la ile Jumamosi asubuhi na jioni. Nikishaona hayo ndo ntakwambia ukienda kwa kocha umwombe aanze na nini.